Kazi ya mshahara mdogo au kubaki kwenye fao la kukosa ajira: hesabu inafanywaje?

Mpima_Mizani

Wakuu, salaam. Naomba hili tulijadili kwa namba, maana likiguswa kidogo tu watu wanaanza kutukanana: huyu anaitwa mvivu, yule anaitwa mtumwa.

Chukulia mshahara wa zamani wa mkononi ulikuwa 100 kwa mwezi (sitaji sarafu, uwiano unatosha). Fao la kukosa ajira ni 60, na limebaki kwa miezi 4. Inakuja kazi ya saa 40 kwa wiki, mkononi 66, matazamio miezi 3. Ni kazi isiyohusiana na ujuzi wa mtu huyu. Kazi inayolingana na ujuzi wake ingempa kama 80 mkononi, ila hajui ataipata lini.

Maswali yangu: tofauti ya 6 inatosha kumtoa mtu nyumbani? Ile miezi 4 iliyobaki inakwenda wapi akishasaini? Na kama hiyo kazi haifai, kuna njia ya katikati?

---

Karani_wa_Namba

Mkuu, hiyo 6 haipo. Umelinganisha mshahara kabla haujaanza kuliwa na fao ambalo halina gharama ya kulifuata.

Toa kwanza kile kinachotumika kwa sababu tu umeajiriwa: nauli, chakula cha nje, sare au viatu vya kazi, vocha za simu za kuwasiliana na msimamizi. Kwa mshahara wa 66, tukikadiria kwa huruma ni 9. Inabaki 57. Yaani yuko chini ya fao kwa 3, na hapo hatujagusa malezi ya mtoto. Kama kuna mtoto mdogo wa kulipiwa mlezi, weka 8 nyingine, unashuka hadi 49.

Halafu saa. Saa 40 kwa wiki ni takriban 173 kwa mwezi. Ongeza saa moja na nusu ya kwenda na kurudi kwa siku 22, ni 33 nyingine, jumla 206. Kwenye barua ya ajira saa moja inaonekana kulipwa 0.38 (66 kugawa kwa 173). Ukweli wake ni 0.28 (57 kugawa kwa 206). Zaidi ya robo ya malipo imeyeyuka kabla mtu hajala.

Sasa usikimbilie kusema basi abaki nyumbani. Fao lina tarehe ya kufa, mshahara hauna. Kwa hiyo pima mwaka mzima, usipime mwezi. Akichukua kazi leo na akakaa nayo miezi 12, anapata 57 × 12 = 684. Akibaki kwenye fao, anapata 240 kwa miezi 4, na kuanzia hapo kila kitu kinategemea lini atapata ile kazi ya 80, ambayo baada ya gharama zilezile ni 71.

- Akiipata baada ya miezi 4: 240 + 71 × 8 = 808.
- Baada ya miezi 6: 240 + 71 × 6 = 666.
- Baada ya miezi 8: 240 + 71 × 4 = 524.

Mpaka, pale njia hizi mbili zinapolingana, ni miezi 5 na robo tatu. Yaani swali halisi ni hili: una uhakika kiasi gani kwamba utapata kazi ya hadhi yako ndani ya wiki saba au nane baada ya fao kukatika? Mwenye fani inayotafutwa, ambaye tayari ana usaili wa pili mkononi, abaki. Ambaye ametuma maombi miezi mitano bila hata simu moja, hesabu inamwambia asaini.

Na kumbuka aliyeko kazini naye anaweza kuipata ile ya 80. Akiipata baada ya miezi 8, mwaka wake unakuwa 57 × 8 + 71 × 4 = 740, na mpaka wa yule wa nyumbani unarudi hadi miezi 5 hivi.

---

kifimbo_cheza

Haba na haba hujaza kibaba. Kazi ni kazi, mtu asaini.

---

Robo_ya_Mwaka

Haba na haba sawa, ila kwanza tuhakikishe kibaba hakina tundu. Karani amepiga hesabu safi lakini ameacha swali la pili la mleta mada, nalo ndilo zito kuliko yote: siku zilizobaki zinafia wapi?

Mifumo inatofautiana sana hapa, na mtu anayejibu "inategemea nchi" bila kusema inategemea nini hajakusaidia. Kuna mambo mawili ya kuuliza ofisi ya mafao kabla ya kusaini. La kwanza, je, siku zilizobaki zinahifadhiwa au zinafutwa? La pili, kazi mpya ikifa, fao lijalo litapigwa kwenye mshahara upi, ule wa 100 au huu mdogo?

Ujerumani, kwa mfano, fao ni asilimia 60 ya mshahara wa mkononi, au 67 kwa mwenye mtoto. Ukichukua kazi, siku ulizobakiza hazifutwi, unaweza kuzirudia ndani ya miaka 4 tangu haki ilipozaliwa. Na ukipoteza kazi mpya ndani ya miaka 2 tangu upokee fao, hesabu haiwezi kushushwa chini ya mshahara ule wa zamani. Kwa kanuni ya namna hiyo, hofu ya "nikikubali kidogo nitashuka milele" haina mashiko kwa miaka hiyo miwili. Kazi ya 66 pale ni kama kuweka fao kwenye akiba.

Marekani ni habari nyingine. Ukishafungua dai (ombi la fao), kiwango chako cha wiki kinawekwa kwa wiki 52. Ukichukua kazi ya mshahara mdogo mwezi wa pili, ikafa mwezi wa sita bila kosa lako, unafufua dai lilelile kwa kiwango kilekile, mpaka salio liishe. Tatizo linakuja mwaka wa dai ukishapita. Hapo unafungua dai jipya, na majimbo mengi huangalia robo 4 za mwanzo kati ya robo 5 za mwaka zilizokwisha kukamilika. Aliyeachishwa Mei atapimwa kwa mishahara ya Januari hadi Desemba ya mwaka uliopita, na robo ya kwanza ya mwaka huu haihesabiwi bado. Kwa hiyo mshahara mdogo unachelewa kukuuma, na ukianza kuuma unauma mwaka mzima. Mtu anayejua tarehe zake anaweza kupanga, asiyejua anashangaa mbona cheki imekuwa nusu.

Kwa mfano wa mleta mada: kama siku zinahifadhiwa, kuchukua kazi kuna thamani ya 684 pamoja na bima ya 240 iliyolala. Kama zinafutwa, kuna thamani ya 684 tupu. Ni kazi ileile, mshahara uleule, na ofa mbili tofauti kabisa.

---

Karani_wa_Namba

Nakubali, nililiruka hilo. Ila niongeze kwamba hiyo bima inalipa tu kama umeondolewa. Ukiondoka mwenyewe, karibu kila mfumo unakugeuzia kibao.

---

Mpima_Mizani

Hapo ndipo nilipokuwa naelekea. Tuseme anaingia, wiki ya sita anaona haiwezekani. Zamu zinabadilishwa usiku kwa usiku, saa 40 zimekuwa 52 na za ziada hazilipwi. Akiacha?

---

Robo_ya_Mwaka

Akiacha kwa mdomo na kuondoka, amejichimbia. Ujerumani adhabu ya kuacha kazi bila sababu inayokubalika ni wiki 12 bila fao, na jumla ya haki yake inapunguzwa angalau robo. Marekani aliyeacha kwa hiari kwa kawaida hapati kitu mpaka athibitishe sababu nzito, na majimbo mengi yanamtaka afanye kazi tena na kufikisha kipato fulani ndipo arudi kwenye foleni.

Lakini hayo uliyoyataja, saa kuongezwa bila malipo, yanaweza kuwa sababu inayokubalika. Ugumu uko kwenye ushahidi. Kinachowaangusha watu ni kwamba wanalalamika kwa kelele na wanaacha kwa ukimya. Utaratibu unaosimama mbele ya ofisi ni huu: andika ujumbe kwa mwajiri ukitaja tarehe na saa ("tarehe 4, zamu ilipangwa iwe ya saa 8, nimefanya saa 11, malipo yameonyesha saa 8"), omba arekebishe ndani ya muda uliotaja, hifadhi majibu au ukimya wake, na nenda ofisi ya mafao KABLA ya kuacha ukaulize kama sababu hiyo itakubalika. Ukienda baada ya kuacha, ofisa anachoweza kukupa ni fomu ya rufaa.

Na wakati wa matazamio usiseme "mimi naondoka". Kama mwajiri naye haridhiki, mwache aandike yeye kwamba hakukuthibitisha. Barua moja, lakini ni aliyeisaini anayeamua utalala njaa wiki ngapi.

---

Saa_Kumi_na_Nne

Nashangaa mmefika hapa bila mtu kujibu swali la tatu. Njia ya katikati ipo, na kwa mfano huu ndiyo ningeiangalia kwanza: kibarua cha saa chache huku fao likiendelea. Ila kina mitego yake.

Namna ya kwanza ni ya "kiasi kidogo bure, kinachozidi kinakatwa chote". Ujerumani unaruhusiwa kufanya kazi chini ya saa 15 kwa wiki na kubaki na yuro 165 kwa mwezi. Ukiingiza 400, zinakatwa 235 kwenye fao. Maana yake baada ya 165 unafanya kazi bure, isipokuwa unapata uzoefu au mlango wa kuajiriwa. Na zikifika saa 15 hukatwi tena, unaondolewa kabisa, kwa kuwa huhesabiwi kuwa huna kazi. Mwajiri anayekuomba "ongeza tu zamu moja wiki hii" hajui kwamba zamu hiyo inaweza kukugharimu mwezi mzima. Mwambie mapema, na iwe kwa maandishi.

Namna ya pili ni ya kupunguza kwa asilimia. Ufaransa hutoa kwenye fao asilimia 70 ya mshahara ghafi (kabla ya makato) wa kibarua. Fao likiwa 1,000 na kibarua kikakulipa ghafi 600, fao linapungua kwa 420 na unapokea 580 juu ya mshahara wako. Utamu wenyewe ni kwamba ile 420 haijapotea: siku ambazo hukulipwa zinasogezwa mbele, fao linarefuka. Kwa mtu ambaye adui yake ni tarehe ya kukatika, hiyo ni dawa nzuri kuliko mshahara wenyewe.

Uingereza, kwenye Universal Credit (fao la serikali kwa wenye kipato kidogo), punguzo ni peni 55 kwa kila paundi ya mkononi, tangu mwisho wa 2021. Zamani ilikuwa 63. Wenye watoto au wenye ulemavu unaowazuia kazi huwa na kiasi cha mwanzo kisichoguswa. Watu husikia 55 wakadhani wanabakiza 45. Hapana. Anayelipa kodi ya asilimia 20 na bima ya taifa asilimia 8, kila paundi 100 za ziada kwanza zinakuwa 72, ndipo 55 inakatwa kwenye hizo 72. Anabaki na 32.40. Ndiyo maana mtu anapewa zamu za ziada, anachoka mara mbili, halafu mwisho wa mwezi anaangalia salio na kuhisi ameibiwa. Hakuna aliyemwibia, ni kanuni mbili zimekaa juu ya mgongo mmoja.

Sasa kosa linalowaponza wengi kuliko yote: tarehe ya kutangaza mapato. Majimbo mengi ya Marekani yanataka utangaze kiasi ghafi, kwa wiki ULIYOFANYA kazi, hata kama utalipwa wiki mbili baadaye. Mtu anasubiri alipwe ndipo aseme, wiki ya kwanza inasomeka sifuri, mfumo unakuja kulinganisha na taarifa za mwajiri, na anatakiwa kurudisha fedha, wakati mwingine na faini juu. Universal Credit ni kinyume chake: kinachohesabiwa ni siku fedha ilipoingia, na taarifa inatoka moja kwa moja kwenye orodha ya mishahara ya mwajiri. Hapo mtego ni kwa wanaolipwa kila baada ya wiki 4. Malipo ni mara 13 kwa mwaka, miezi ni 12, kwa hiyo mwezi mmoja lazima upokee mishahara miwili ndani ya kipindi kimoja cha hesabu ya fao, na fao la mwezi huo linaweza kushuka hadi sifuri. Chukua kalenda, hesabu siku 28 kwa 28 kuanzia malipo ya kwanza, ujue ni mwezi gani, uweke akiba.

Mapato yakibadilika kila wiki, weka daftari: tarehe, saa ya kuingia, saa ya kutoka, kiwango, jumla ghafi. Slipu ya mshahara peke yake haitoshi, kwa sababu haionyeshi siku, inaonyesha kipindi.

---

kifimbo_cheza

Haya, nimeelewa kwa nini mmeniacha niongee peke yangu. Swali: ofisi si inaweza kukulazimisha hiyo kazi ya 66? Tunajadili kama vile mtu ana hiari.

---

Karani_wa_Namba

Swali zuri, kifimbo, na lilipaswa kuja mapema. Hiari ipo, ila inapungua kadiri muda unavyokwenda. Neno la kutafuta kwenye kanuni za kwenu ni "kazi inayofaa". Ujerumani wameiweka kwa namba, na inafaa kuitaja kama mfano wa kanuni iliyo wazi: miezi 3 ya mwanzo unaweza kukataa kazi inayolipa pungufu kwa zaidi ya asilimia 20 ya mshahara wako wa zamani. Miezi 3 inayofuata, zaidi ya asilimia 30. Kuanzia mwezi wa 7, sababu ya mshahara inabaki moja tu: mshahara wa mkononi, ukishatoa gharama zinazotokana na kazi, uwe chini ya fao lenyewe.

Angalia hiyo ya mwisho kwa makini, kwa sababu ndiyo ile hesabu yetu ya 57 dhidi ya 60. Mtu aliyeandika gharama zake kwa ushahidi (tiketi za usafiri, masafa, bei) anaweza kusimama mbele ya ofisa na kusema kazi hii iko chini ya fao kwa 3. Aliyekuja na manung'uniko tu atahesabiwa amekataa. Na kukataa kazi inayofaa mara ya kwanza huko ni wiki 3 bila fao, mara ya pili 6, kisha 12.

Kwa hiyo usikatae kwa simu. Sema "naomba masharti kwa maandishi", yakifika piga hesabu, jibu kwa maandishi.

---

Slipu_Mkononi

Naingia kwa jambo moja ambalo hamjaligusa na linakwenda kinyume na mawazo ya wengi: pensheni. Wengi wanaamini kazi yoyote inajaza pensheni kuliko fao. Siyo kila mahali. Kwenye fao la Ujerumani hilohilo, michango ya pensheni hulipwa kwa kigezo cha asilimia 80 ya mshahara ghafi wa zamani. Kama kazi mpya inalipa ghafi asilimia 70 ya ule wa zamani, kila mwezi ukiwa kazini unachangiwa kidogo KULIKO ulivyokuwa nyumbani. Hilo halimaanishi usichukue, maana nalo linakoma fao likikoma. Lakini anayebakiza miaka michache kustaafu aliweke kwenye mizani.

Upande wa pili kuna mifumo ambayo ukiwa kwenye fao huchangiwi chochote, na huko hata mshahara mdogo unajenga haki mpya: ya pensheni, ya ugonjwa, na ya fao lijalo. Uliza idadi ya miezi ya kuchangia inayohitajika ili haki mpya ya fao izaliwe. Ikiwa ni 12 na mkataba unaopewa ni wa miezi 11, basi unajua kwa nini ni 11.

---

Mpima_Mizani

Nimejifunza mengi. La mwisho: akiamua kusaini, aanze lini? Mwajiri anasema "hata kesho".

---

Slipu_Mkononi

Asianze kesho kabla hajajua siku ya malipo. Fao linakatika siku ya kwanza ya kazi, mshahara unakuja mwisho wa mwezi, na waajiri wengi hufunga orodha ya mishahara kati ya tarehe 15 na 20. Akianza tarehe 22 jina lake halimo, atalipwa mwisho wa mwezi unaofuata. Ni karibu siku 40 akiwa analipa nauli bila fao wala mshahara. Wengi wanaoacha kazi ndogo wiki ya tatu hawakushindwa na kazi, waliishiwa nauli.

Aulize mambo matatu kabla ya kutaja tarehe: orodha inafungwa lini, je, kuna malipo ya awali kwa mwajiriwa mpya, na ofisi ya mafao ina msaada wa mwanzo wa kazi (usafiri, vifaa, sare). Huo msaada mara nyingi lazima uombwe kabla ya siku ya kwanza, ukiomba baadaye unaambiwa umeshajiweza. Akipata kuanza tarehe 1, fao la mwezi uliopita linakuwa limeingia kamili na slipu ya kwanza inakuwa ya mwezi mzima. Na siku hiyohiyo ya kuanza aiarifu ofisi, asingoje slipu.

---

Mpima_Mizani

Tarehe 1 basi. Asanteni wakuu.